Jina Nililokuwekea

Pothia, Kalymnos
9 Juni 1981

Mdogo wangu Nomikos,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumba hii. Natumaini zitawakuta salama, wewe, Maureen na mtoto, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekwisha. Sisi hatujambo. Shemeji yako Mikes analalamikia mgongo, lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Yorgis, mwanangu wa kwanza, ameota vinyweleo vitatu juu ya mdomo na anaviita masharubu. Savvas wangu ametimiza miaka tisa. Baba naye ni mzima. Mguu uliopooza siku zile za kuzamia sifongo anauburuta vile vile, na ulimi wake haujapooza hata kidogo.

Barua yako ya mipango ya likizo ilifika majuma matatu yaliyopita, na najua umelingoja jibu mpaka umechoka. Nakuomba jambo moja: usilipe tiketi kabla hujaisoma barua hii yote. Nakufahamu, wewe husoma mwanzo na mwisho, katikati ukaruka. Leo usiruke. Kuna jambo nimelifanya, linamhusu baba, wewe na mtoto wako, na safari nzima imesimama juu yake.

Umeandika kwamba mtatua Athene tarehe tano Agosti, mlale usiku mmoja, kisha mpande meli Piraeus. Hilo sawa. Umeandika pia kwamba mnataka vyumba viwili kule Myrties, madirisha yatazame kisiwa kidogo cha Telendos, na kwamba nyumbani kwa baba mtakuja siku moja kula chakula cha mchana, ili msiwe mzigo. Mzigo! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika. Mtu anarudi kisiwani kwao baada ya miaka kumi na miwili na anapanga kama mgeni aliyekiona kisiwa kwenye picha. Lakini najua si maringo. Unamwogopa baba, na Maureen anakuogopea wewe.

Basi nikafanya ulivyotaka. Nikapanda basi hadi Myrties kwa yule mama Sevasti anayepangisha vyumba juu ya gati. Akaniuliza ni vya nani. Nilipomwambia ni vya mdogo wangu wa Australia, akashika kiuno, akapaza sauti mpaka wanawake wa nyumba ya pili wakatoka. "Nomikos wa Sakellaris? Si ana nyumba ya baba yake? Au huko alikokwenda wamemfundisha kulala hotelini kwao?" Nikamwomba apunguze sauti. Nilikuwa nimechelewa. Niliposhuka kwenye basi Pothia, baba alikuwa mlangoni, fimbo mkononi, ameshapata habari zote.

Nilidhani atafoka. Unakumbuka mama alipofariki nawe hukuja maziko, alikataza jina lako lisitajwe mezani, na likawa halitajwi kweli. Safari hii hakufoka. Aliniuliza tarehe tu. Nikamwambia. Kesho yake alianza kupaka ua chokaa, kwa mguu ule ule mmoja, na hakutaka Mikes amsaidie. Akamwagiza mchungaji wa Argos mwanambuzi. Akanituma niangalie kama majani ya mzabibu yanatosha kukunjia wali na nyama kwa watu kumi na wawili. Kisha akavaa koti, akaenda mkahawani kuwatangazia wenzake.

Mikes alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Baba alisema kwamba siku ya sikukuu ya Bikira Maria, wakitoka ibada, atamshika mjukuu wake mkono, atapita naye bandarini kote, na atamketisha kwenye kiti kando yake mbele ya watu. Wazee wale unawajua, hawamwachii mtu. Mmoja akamtania, "Mzee, huyo Mwaustralia wako anajua hata kuomba maji kwa lugha yetu?" Baba akamjibu, "Maji nitampa mimi. Yeye jina analijua, linamtosha." Akaagiza kahawa kwa wote. Tangu hapo kila anayepita mlangoni petu anauliza, Sakellaris mdogo anakuja lini.

Sakellaris mdogo. Umesoma vizuri, mdogo wangu, sikukosea kuandika.

Sasa nisikilize. Wewe na mimi tumelelewa nyumba moja. Mwana wa kwanza wa kwako ilikuwa abebe jina la baba, Sakellaris, na abebaye jina ndiye hupewa kilicho cha babu, kwa baba ni ile bustani ya machenza ya Vathy. Mwana wa pili wa kwangu naye alikuwa na haki ya jina hilo, maana wa kwanza alichukua la babake Mikes. Alipozaliwa Savvas mama alinishika mkono akaniambia nimpe. Mimi nikakataa. Nilisema watu watadhani nainyemelea bustani ya Nomikos wakati mwenyewe hayupo. Wewe ulikuwa hujaoa hata. Nikampa mtoto jina la mtakatifu wa kisiwa, maana huyo hana ugomvi na mtu, na la baba nikakuwekea. Baba aliniambia nimefanya uungwana. Nilijivuna nalo sana.

Halafu ikaja barua yako, ile yenye picha ya mtoto mchanga. Uliniandikia mkwe wako alikufa bandarini, mzigo ukamwangukia, miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa, na kwamba Maureen alilia ukashindwa kumkatalia, mkamwita Gordon. Uliniomba nimweleze baba kwa upole, nitakavyojua mwenyewe. Wakati ule ulikuwa mwaka wa pili tangu mama azikwe. Baba alikuwa hali kitu, anakaa ametazama ukuta. Nilipomwambia umepata mtoto wa kiume aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza anageuka. Akauliza, "Wamemwitaje?"

Nikasema Sakellaris.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka baba alilia, akaomba supu, na baada ya supu akaniambia nikuandikie kwamba anakusalimu. Ile salamu uliyoifurahia sana, mpaka ukaniandikia kwamba umeibeba mfukoni kazini, ilipatikana kwa uongo. Na si ile tu. Kila barua yako tangu siku hiyo nimemsomea mimi, maana hajui kusoma, na kila penye Gordon nimesoma Sakellaris. Miaka sita. Sakellaris ameota meno, Sakellaris ameanza shule, Sakellaris ameanguka kwenye baiskeli. Na wewe sikukwambia, kwa sababu ungeniambia niache, na nilikuwa nimeshaizoea ile sura yake akinisikiliza. Naona haya, Nomikos. Naandika huku uso unaniwaka.

Ningeendelea hivyo, nisikufiche, kama si mstari mmoja wa barua yako. Uliandika kwamba mtoto anajifunza sentensi moja ya Kigiriki kila jioni kabla ya kulala ili aje kumwambia babu yake uso kwa uso: "Babu, mimi naitwa Gordon." Peke yangu jikoni nilikuwa nimeuruka. Jioni ile ya basi baba alitaka nimsomee barua, ameinama mbele yangu mkono sikioni, na nikafika hapo. Nikaishusha karatasi. Baba akasema, "Eeh? Anajifunza nini?" Nikamwambia anajifunza kusema hujambo. Nikaenda nyuma ya nyumba na barua mkononi.

Kwa juma zima na zaidi niliwaza kukuandikia mumfundishe mtoto ajibu kwa jina jingine kwa siku kumi na nne tu. Ndiyo, niliwaza hivyo. Nikawaza pia kukuandikia kwamba baba mgonjwa, msije. Usiku sikulala, mchana nikaunguza kila chungu. Mwisho Mikes akaniambia, "Mke wangu, ama umwambie wewe, ama atamwambia mtoto mbele ya mkahawa mzima."

Nilimwambia Jumapili, siku tisa zilizopita, tukiwa wawili uani. Nilisema yote kwa mfululizo, kama nilivyokuandikia. Baba hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja, huyo Gordon wa kwanza ni nani. Nikamwambia ni baba yake Maureen, alikufa bandarini kabla mtoto hajazaliwa. Akauliza kama alikuwa na mtoto wa kiume wa kumfufulia jina. Nikasema hana, ni Maureen peke yake. Akalipapasa lile goti lake. Kisha akasema, "Basi Nomikos hana kosa. Yule amekufa, mimi mzima. Maiti hawezi kungoja zamu. Ningekuwa mimi ningempa yeye."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha, nikainuka nimbusu. Akanizuia kwa fimbo.

Akaniambia, "Wewe ulikuwa na Savvas. Ulikuwa na mtoto wa kweli mikononi, mbele ya macho yangu, ungempa jina langu na ningemwita kila siku. Ukamnyima kwa kuogopa midomo ya watu. Halafu ukanipa la uongo nilichezee."

Akainuka kwenda kuvaa koti.

Siku ile ile alikwenda mkahawani akawaambia wazee mwenyewe, amesimama, kwamba mjukuu wake anaitwa Gordon na mwenye la kusema aseme. Mikes anasema hakuna aliyesema. Na haya ndiyo maagizo yake, ameyapitisha kwa Mikes: Myrties mvifute vile vyumba, mtalala nyumbani, Maureen apewe kitanda cha mama, na mtoto aje na sentensi yake vile vile alivyojifunza. Kwa hiyo sasa unaweza kulipa tiketi.

Lakini mimi hanisemeshi, Nomikos. Siku tisa. Chakula nikipika anakula, nikimwamkia anageuza uso, na barua yako hii ya mwisho amempelekea padre amsomee upya, yote, kwa majina yake. Miaka yote nimekaa kati yenu wawili nikikuombea wewe kwake. Msalimie sana Maureen, umbusu Gordon mashavu yote mawili, na utakapofika, kabla hujatua mizigo, niombee na mimi.

Dada yako,
Themelina