Kifaa cha Barabara Ndani ya Mkebe wa Viazi

Jumamosi, Sotik. Mvua ya mawe ilianza saa nane na sasa imetulia. Majani ya chai upande wa chini wa shamba yametobolewa kama karatasi ya shabaha. Hali ya moyo wangu haitofautiani sana na ya majani hayo.

Shajara, mwanzoni mwa mwezi nilikuahidi kwamba ukurasa wa leo ungekuwa wa ushindi. Kipindi changu cha majaribio kazini kilikuwa kinamalizika jana. Nilikuwa nimeandaa hata sentensi ya kwanza: "Nimethibitishwa kazini." Naomba uisahau.

Nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio niliousomea chuoni.

Kila Alhamisi mimi huendesha gari la kampuni yetu ndogo ya kufungasha chai, kutoka hapa hadi kwa wateja wa Nairobi walio upande wa uwanja wa ndege. Mwenye kampuni ni Mama Wairimu, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, na ambaye hubishania bei kwa Kipsigis kizuri kuliko changu. Mwezi uliopita alilalamika kwamba ninapoteza muda kwenye foleni ya kulipa taslimu katika barabara ya kulipia. Nikaona nafasi yangu imefika. Nilimwandikia pendekezo la kurasa nne, lenye utangulizi na hitimisho, kwamba tufungue akaunti ya kielektroniki.

Alijibu kwa neno moja. "Fungua."

Fomu ya mtandaoni ilitaka kitambulisho, namba ya simu, hati ya umiliki wa gari na picha ya gari kwa mbele. Nilivaa suti yangu ya mahafali, nikasimama mbele ya gari, mikono nyuma. Picha ilirudishwa, kwa kuwa sketi yangu ilikuwa imefunika herufi za mwisho za namba ya gari. Nilituma nyingine. Nakiri kwamba iliniuma kidogo: picha iliyokubaliwa ni ile ambayo mimi simo.

Wiki iliyopita nilipewa kifaa chenyewe, kidogo kama kiberiti. Hubandikwa kwenye kioo cha mbele, na gari likifika, mtambo hukisoma na kizuizi hujiinua. Maelekezo yalisisitiza kioo kiwe kikavu. Aliyeyaandika hajawahi kuishi kwenye chai, penye ukungu kila jioni. Jumatano jioni nilipangusa kioo kwa leso, nikakibandika, nikapiga picha na kumtumia Mama Wairimu.

Kisha nikachukua orodha ya ukaguzi wa gari, niliyoitunga mwenyewe, yenye vipengele ishirini na vinne. Hupaswa kutiwa alama asubuhi ya safari, mtu akiwa amesimama kando ya gari. Mimi nilizitia zote jioni hiyo, mezani, kwa rula, ili zilingane.

Zililingana sana.

Alhamisi, nilipokuwa nikipiga suti pasi, mama yangu aliosha gari kwa hiari yake. Alisema anayembeba tajiri wake hawezi kwenda na matope. Alipopangusa kioo kwa ndani, kifaa kilimdondokea mkononi.

Ili umwelewe mama yangu, lazima uielewe kadi yake ya mkulima. Katika kituo cha kununulia majani, namba yako ndiyo wewe. Anayeishika anaweza kupimisha majani kwa jina lako, na mengine yakakupotea usijue yamemwendea nani. Ndiyo maana kadi yake hulala ndani ya mkebe wa biskuti, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, na hata marehemu baba hakuwahi kuishika. Sasa akaona kitu chenye namba, cha binti yake, kilichokuwa kimebandikwa kiooni ambapo mpita njia yeyote angekiona. Alifanya ambacho mama yeyote wa hapa angefanya. Alikitia ndani ya mkebe wa bati wenye viazi vitamu vyangu vya safari, chini kabisa.

"Chepkemoi," aliniambia akinikabidhi kikapu, "kila kitu chako kiko kwa mkebe. Usiwache mtu afungue."

Nilimshukuru. Mawazo yalikuwa kwenye suti.

Siku hiyo Mama Wairimu alisafiri nami. Mnunuzi kutoka ng'ambo alikuwa akibadilisha ndege Nairobi na alikuwa na saa moja tu ya kuonja chai yetu. Tulipokaribia kituo cha kulipia, niliipita foleni ya taslimu na kuingia njia ya kielektroniki.

"Mama," nikasema, "sasa utashuhudia matunda ya pendekezo langu."

Kizuizi hakikutikisika.

Nikarudi nyuma, nikasogea mbele. Lori lililo nyuma yetu likapiga honi. Mhudumu mmoja alikuja, akainama dirishani.

"Madam, kifaa iko wapi?"

"Kipo kiooni," nikajibu bila kugeuka, "na ningependa kuripoti hitilafu katika mfumo wenu."

Akachungulia. "Hapa naona alama ya gundi peke yake."

Mama Wairimu aliichukua orodha yangu, akaisoma polepole. "Namba kumi na saba. Kifaa cha barabara kipo kiooni. Umeweka tiki."

"Ndiyo, Mama."

"Uliangalia saa ngapi?"

Lori likapiga honi tena.

"Jana jioni," nikasema.

"Jana." Akakivuta kikapu changu. "Wacha nikule kitu, kabla sijasema maneno nitajutia."

Akafungua mkebe. Mtambo ukalia mlio mdogo wa adabu, na kizuizi kikajiinua.

Mhudumu akautazama mkebe. "Hebu funga tena tuone."

"Wewe kijana, usinijaribu," akasema Mama Wairimu. "Chepkemoi, endesha. Mimi sifungi hii kitu mpaka tutoke."

Alisafiri njia yote ameushika mkebe wazi mapajani, kama mzee wa kanisa anayekusanya sadaka. Kwenye kizuizi cha kutokea aliuinua hadi kiooni bila kuambiwa. Tulifika kwa wakati. Mnunuzi alionja chai, akaagiza, akala viazi viwili.

Nilipofika nyumbani, mama yangu alinisubiri mlangoni.

"Kuna mtu alipimisha kwa namba yako?"

"Hakuna, mama."

"Umeona sasa."

Jana niliandika ripoti ya tukio. Rasimu ya kwanza iliulaumu mfumo. Ya pili ilimlaumu mama yangu, kwa lugha ya heshima, na niliifuta kwa aibu. Ya tatu ilikuwa na sentensi moja: "Nilitia alama kabla ya kuangalia." Hiyo ndiyo niliyoipeleka.

Mama Wairimu aliisoma mara mbili. "Hii ni fupi kushinda zote umewahi kuniandikia," akasema, "na ndiyo ya kwanza nimeelewa." Kisha akanipa barua. Kipindi changu cha majaribio kimeongezwa mwezi mmoja.

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote ni hili. Mama yangu aliikuta barua mezani. Kiingereza cha ofisi hakisomi, lakini aliona muhuri na jina langu, na kwake hayo yalitosha. Alikausha mikono, akaifunga kwa karatasi ya nailoni, akaiweka mkebeni kando ya kadi yake. Kisha akampigia shangazi yangu wa Sigor. Nilimsikia kutoka chumbani: "Chepkemoi ameandikwa kabisa. Barua iko na mimi hapa."

Sikutoka chumbani.

Leo nimekibandika kifaa upya, kioo kikiwa kikavu, baada ya kukipepea kwa orodha yangu ya ukaguzi. Hatimaye imepata kazi. Nina mwezi mmoja wa kuifanya barua iliyo mkebeni iwe ile anayoidhania mama yangu. Nitaanza Alhamisi asubuhi, kando ya gari, macho kwanza, kalamu baadaye.