Dakta Amekataa Maziwa

Jumatatu, 2 Juni

Chanjo tena, Bashay ya juu. Uzio wa kubania ng'ombe umevunjika mti mmoja, wakawa wanapita wanavyotaka. Nilichoma sindano nikiwa nimesimama. Kuchuchumaa siwezi tena. Ndama mmoja alilala chini akagoma kuinuka, ikabidi vijana wambebe waniletee usawa wa kiuno, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Sikupenda.

Pikipiki nayo, nikiikalia, bodi ya nyuma imeanza kugusa tairi. Fundi anasema ni barabara mbaya. Fundi ana adabu.

Kidonda cha kidole cha mguu bado kibichi. Mke wangu amekisafisha bila kusema neno. Ni mwalimu, akinyamaza ujue kuna jambo. Baba yangu alianza na kidole hivihivi, sukari hiihii. Tulimzika akiwa na mguu mmoja.

Jumatano, 4 Juni

Niandike nione mwenyewe, maana kichwani yamechanganyika.

Kliniki ya sukari ya Haydom ilinipa rufaa, tukaenda Dar mwezi uliopita kumwona daktari wa upasuaji. Kasema vidonge na insulini vimefika mwisho wa uwezo wake kwa mwili huu. Mwili ukipungua, sukari itashuka na mguu utapata nafasi ya kupona. Ukibaki hivi, tusubiri yaliyompata baba. Kasema aina mbili za upasuaji zinanifaa. Nichague, nimpe jibu Ijumaa ya tarehe 20.

Ya kwanza ni kukata tumbo. Wanaondoa sehemu kubwa, linabaki jembamba kama ndizi. Unakula vijiko vichache umeshiba. Utumbo hawaugusi.

Ya pili ni mchepuko. Wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, wanakiunga moja kwa moja na utumbo, chakula kinaruka sehemu kubwa ya safari. Hii inapiga sukari kwa nguvu zaidi. Lakini ni vidonge vya vitamini mpaka kufa, na kupimwa damu kila mara. Na ukila au ukinywa kitu cha sukari, jasho linakutoka, moyo unakimbia, unaweza ukaanguka mbele za watu.

Kulikuwa na ya tatu, puto la kuingizwa kwa mdomoni. Mke wangu aliipenda kwa sababu haina kisu. Daktari akasema puto likitolewa mwili hurudi. Tukaachana nayo. Neno mchepuko ndilo mke wangu halitaki kabisa. Kanikataza kulitaja mbele ya walimu wenzake.

Mimi mwenyewe nimepasua ng'ombe waliovimbiwa, nikashona, wakasimama wakatafuta majani. Ng'ombe ana vyumba vinne. Mimi ninacho kimoja na wanataka kukigawa. Naogopa, basi.

Naelekea kwenye kukata. Ni rahisi kueleweka na sitaanguka kwenye maboma ya watu. Mambo ya malipo tumeshayamaliza, siyaandiki hapa.

Jumamosi, 7 Juni

Dada wa lishe alipiga simu kutoka Dar. Sauti nzuri, maswali mengi. Nakula nini, saa ngapi, kiasi gani. Nikamjibu kweli tupu. Ugali na mboga mchana, makande au ugali jioni. Asubuhi sili. Soda sinywi, tangu zamani. Akashangaa. Akasema kwa mwili huu nakula kidogo sana, kukata kutanifaa.

Mke wangu yuko jikoni, simu nimeifungulia sauti. Akauliza kwa mbali, "Na chai?"

Nikamwambia chai siyo chakula.

Dada wa lishe akadaka, akauliza chai gani. Ya maziwa. Ya sukari? Sasa nani anampa mgeni chai isiyo na sukari? Wapi? Kila boma ninaloingia. Mimi ni afisa mifugo, kazi yangu ni kuingia maboma. Na kama siyo chai ni maziwa mgando, nayo yametiwa sukari kwa heshima yangu. Kikombe cha bati, kile kikubwa. Akauliza kama nimewahi kukataa. Nikacheka. Huku mgeni akikataa kikombe ana neno moyoni.

Akaeleza polepole, kama anayemwambia mtu habari za msiba. Tumbo lililokatwa linazuia ugali, chai halizuii. Chai inateleza inapita. Kwa hali hiyo nitakatwa bure na sukari itabaki palepale. Mchepuko ndio utakaoniadhibu nikinywa, kwa hiyo nitaacha. Daktari atanisikiliza mimi, lakini yeye ushauri wake sasa ni huo. Nijaribu kwanza kuacha, nione kama naweza.

Nilimkasirikia mke wangu mpaka jioni. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu. Sikudanganya. Nyumbani kwetu Maretadu mtu akinywa maziwa akalala, kesho yake wanasema amelala njaa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza. Kwa bahati mbaya nimeanzia kwa Mzee Gwandu, mfugaji wa Bashay.

Ng'ombe wake wote wazima. Nimemaliza, mkamwana wake akaja na kikombe, amekishika kwa mikono miwili. Nikasema nashukuru, leo nimeshiba. Akabaki amesimama. Mzee akawatazama ng'ombe wake, akanitazama mimi. Akauliza, "Kuna nini, Dakta?" Nikasema tumbo. Akasema sawa.

Hakunisindikiza. Siku zote hunisindikiza mpaka kwenye pikipiki, tukisimama njiani kulaumu mvua.

Jumanne, 10 Juni

Nimekataa maboma yote ya leo. Kichwa kinaniuma. Njaa imenikalia tangu asubuhi. Sikujua kwamba miaka yote hii nilikuwa nashiba kwa watu.

Alhamisi, 12 Juni

Sina hamu ya kuandika, ila niandike.

Kijana wa bodaboda anayekusanya maziwa alinisimamisha njiani. Akaamkia vizuri, akauliza kama ugonjwa wa ng'ombe wa Mzee Gwandu unaambukiza watu. Nikauliza ugonjwa gani. Akasema si mimi niliyekataa maziwa pale? Juzi na jana yeye hakuchukua maziwa ya mzee. Majirani nao wamehamisha ng'ombe wao, hawanyweshi tena pamoja na wa mzee. Na zile nyumba za Jumanne, nazo zimeanza kutazamwa.

Nikakaa pale juu ya pikipiki kama gunia. Mtu mwingine akikataa maziwa amekosa adabu, basi, yataisha. Mimi ndiye ninayewachoma sindano. Nikikataa, nimetoa hukumu.

Jumatatu nilitazama kile kikombe nikawaza mguu wangu. Wao wakawaza ng'ombe.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Gwandu mchana kweupe. Nikamwamkia, nikaomba chai mwenyewe, kwa sauti. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuangalia. Nikanywa kikombe chote. Kilipoisha akatokea jirani mwingine, ambaye hakuona. Nikaomba kingine.

Mzee akanisindikiza. Njiani akalaumu mvua. Maziwa yake yamechukuliwa jioni.

Nyumbani kipimo cha sukari kikasoma juu sana. Mke wangu akakitazama, akanitazama, akatoka nje kuanua nguo ambazo bado ni mbichi. Kidole kinatoa maji.

Sasa mambo yako wazi, na hayapendezi. Nikikatwa tumbo nitabaki na kikombe changu, na sukari, na mguu wa baba. Nikichagua mchepuko kikombe kimekwisha, na kila nyumba nitakayokataa ng'ombe wake wataitwa wagonjwa. Nimechoka. Nimechoka na mwili huu na nimechoka kuujadili.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nilisinzia. Baada ya ibada wanakwaya wakaleta chai. Nikanywa nusu, nusu nikaimwaga nyuma ya ukuta kama mwizi.

Nikamweleza mke wangu kwamba watu wa Bashay hawatanielewa. Alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la nne. Hakuinua kichwa. "Mimi sikuolewa na Bashay nzima."

Jumanne, 17 Juni

Baridi na ukungu. Nimefanya kazi za ofisini ili nisiingie boma lolote. Huo ni uoga, najua.

Nimewaza pia habari ya kukonda. Nikikonda ghafla watasema ni ule ugonjwa mwingine. Wakati huu wa unene wananiita bosi. Mtu hapati nafuu.

Jumatano, 18 Juni

Dada wa lishe kapiga tena. Nikamweleza yote, hadi ng'ombe wa Mzee Gwandu. Alicheka, kisha akaomba radhi. Akasema yeye amesoma kuhusu kisukari, kuhusu ng'ombe kuwa na jina la kulinda hakusoma. Nilimpenda kwa hilo.

Kesho nakwenda Maretadu kwa mama. Siyo vizuri kupasuliwa mama hajui. Mke wangu ana mitihani ya wanafunzi, anabaki.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefika kwa mama jioni. Pikipiki imevumilia. Mama anapura maharage, ana nguvu kunishinda, na umri wake ule. Nimemwamkia, akaitikia, akanitazama miguuni kabla ya usoni. Kiatu nimekikata mbele ili kidole kisibanwe. Nimekula ugali kidogo nikasingizia safari, nikaingia kulala.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi, ukungu bado mzito, nimemweleza. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliuliza kama watanilaza usingizi, nikasema ndiyo. Akauliza kama wataukata mguu, nikasema hapana, wanapasua tumbo ili mguu usikatwe. Akaitikia kwa kichwa. Alimuuguza baba mpaka mwisho, sikuwa na haja ya kumweleza zaidi.

Nikamweleza habari ya kuchagua. Hii inaniachia chai, hii inaninyima. Nikamwambia pia ya Mzee Gwandu, jinsi nilivyomharibia jina la ng'ombe wake kwa kusema nimeshiba.

Akasimama akaingia ndani. Akarudi na kikombe cha baba, kile cha bati chenye mdomo uliobanduka rangi. Maziwa aliyoyachemsha asubuhi, hayana sukari, yamejaa hadi ukingoni. Akanipa kwa mikono miwili, mimi mwanawe. Nikamwambia mama, si nimekueleza? Akasema, "Onja."

Nikaonja funda moja. Nikabaki nimekishika. Sikujua nikiweke wapi. Kumwaga haiwezekani, kumrudishia mkubwa mabaki yako nalo ni tusi, kila mtu aliyelelewa huku anajua.

Mama akanyoosha mkono, akakichukua.

"Kwani uji wako alikuwa anaumalizia nani?"

Akanywa. Alikunywa yote, taratibu, akipumzika katikati, akiwa amesimama mbele yangu. Akajifuta mdomo na kona ya khanga. Akasema huko Bashay nifanye hivyohivyo. Nipokee, nionje mbele yao, nirudishe. Ng'ombe atakuwa hana kosa na mimi nitakuwa sijaanguka. Nikamuuliza, na mzee wa watu akikasirika kupewa mabaki yangu? Akasema nimwambie mama yangu ameyanywa, na yeye ni mkubwa kuliko Gwandu.

Nilishika ile fimbo ya kupuria maharage nikajifanya naikagua.

Nimepanda kilimani karibu na kanisa, kwenye mtandao. Nikampigia kwanza dada wa lishe kuuliza habari ya kuonja. Akasema nikishapona, funda moja la maziwa yasiyo na sukari halina neno, niwaombe wasitie. Kisha nikampigia daktari. Nikasema mchepuko. Akauliza kama nina hakika, na kama nimeelewa kwamba vidonge ni vya maisha. Nikasema nimeelewa. Akasema watanipangia siku, wataniarifu.

Nikampigia mke wangu. Akasema, "Haya." Kisha akasema nimpe mama salamu, na nisisahau kubadili bendeji.

Niliporudi, kikombe kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa juu ya kichanja. Mama alikuwa amekaa anachambua maharage. Akainuka, akanipisha kigoda kwa sababu ya magoti yangu, yeye akakaa chini juu ya gunia. Tumechambua mpaka ukungu ukaondoka.