Mikeka ya Baba Etyang Inayomeza Mawimbi

“Weka huo mchi chini, Jared.”

“Kazi ya mzee siachi. Wewe shule yenyewe ilikushinda, utanifundisha nini?”

Baba, mwaka umekatika tangu tulipokuzika, Agosti 1966, na hivi ndivyo mimi Ekaju na kaka yangu tunaongea nyumbani kwako Tororo.

Ulikuwa fundi redio sokoni. Jirani yako alikuwa anachomelea vyuma, na kila akiwasha mashine, redio zako zote zinakoroma. Hukugombana naye. Ulitwanga betri kuukuu, ukachanganya ule unga mweusi na gundi, ukapaka mikeka ya katani. Mbele unga kidogo, nyuma mwingi. “Mawimbi lazima yaingie bila kushtuka,” ulituambia. “Yakishaingia, yanafia humo.” Ukafunika redio inaimba, ikanyamaza. Mama akasema umeoa mkeka.

Ulikuwa mpole. Redio za wajane ulitengeneza bure. Chai ulikunywa na mikono yako vilevile myeusi, kikombe kikabaki na alama za vidole. Mama hajakiosha mpaka leo.

Halafu uso wako ukaacha kucheka. Ukaanza kutembea kwa ncha za vidole, visigino juu, na sokoni wakakutania: “Etyang, jogoo wetu, unamwendea nani?” Wewe ukasema ni mawimbi yanalipiza. Ukajizungushia mikeka, mlango mpaka dirisha, ukaendelea kutwanga humo humo. Daktari alipotuambia ni vumbi la betri ulilokuwa ukilivuta, limeingia ubongoni, hata kijiko kilikuwa kimeshakushinda.

Sasa mwenye duka la redio kule Busia ameagiza mikeka ya chumba kizima. Jared amekubali. Anatwanga amejifungia, kama wewe. Tukimwambia vumbi, anasema mzee aliuawa na mawimbi, wewe mwenyewe ulisema. Baba, huyu alikuwa anakusikia wewe tu. Kama kuna njia huko, mwambie.

Hatujakusahau na hatutakusahau: mkeo Alupo, binti yako Robinah, mimi Ekaju, na Jared. Jana nilimsomea maneno haya pale mlangoni.

“Jina langu toa hapo,” akasema.

Akageuka, akarudi kwenye kinu, na visigino vyake havikugusa chini.