Viatu vya Ukumbini

Kambi ya Tatu, Kericho
8 Juni 1997

Kwa mkaza mwanangu Elmina,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na mjukuu wangu Nyakerario mko salama. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na huo tumeshazoeana.

Wachuma chai wenzangu wamenitwika mzigo wa kupanga matembezi ya mwaka. Mwaka jana safari yetu ilikuwa ya ziwani, mvua ikatunyeshea kutwa tukala wali uliojaa maji. Mwaka huu wanataka mahali penye paa. Kila mtu ana lake, hakuna anayesikiliza la mwenzake, nami nimechoka kabla ya kuanza. Wewe unazijua kumbi za michezo. Nichagulie mbili tatu.

Tangu tumzike mwanangu Duke sijamwona mtoto. Amekua?

Baba wa mumeo,
Bosire


Nairobi
22 Juni 1997

Kwa Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Sisi tu wazima, pole kwa mgongo. Mtoto amekua, ameng'oka meno mawili ya mbele na bado haachi kuongea.

Nakuru kuna ukumbi wenye meza za pul, drafti na video. Ni karibu, lakini moshi wa sigara ni mwingi. Litein kuna wa dati, vile vishale vya kurusha ubaoni, ila ni mdogo, nusu yenu mtasimama nje. Wa tatu ni hapa ninapofanya kazi. Kuna mchezo wa bowling: unabingirisha mpira mzito kwenye sakafu ya mbao uangushe vigingi vilivyosimama mwishoni kama chupa. Hata wazee huufurahia. Mteja anavua viatu vyake, mimi nampimia vya ukumbi na kumfunga kamba. Meneja amekubali tuwape asubuhi nzima.

Chagua hapa, Baba. Mtoto ananiuliza kama babu ni mtu wa kweli.

Mkaza mwanao,
Elmina


Kambi ya Tatu
10 Agosti 1997

Kwa Elmina,

Salamu. Huku tu wazima, majani ni mengi na mikono haitoshi. Samahani kwa kuchelewa.

Tumechagua Nakuru. Nairobi ni mbali, na mpira wenyewe ni mzito. Mama Ondieki ana bega bovu. Tena lori la kampuni halina breki za kuaminika. Moshi tutauvumilia.

Msalimie mtoto.

Bosire


Nairobi
24 Agosti 1997

Kwa Baba,

Natumaini u mzima.

Lori lisilo na breki za kufika Nairobi lina breki za kufika Nakuru? Baba, mimi si mtoto. Miaka mitatu hakuna mtu wa kwenu aliyekanyaga mlangoni kwangu. Nimechoka kuwa mjane wa nyumba isiyonitaka. Kuna mtu hapa, Mathew, anataka kunioa na kumlea mtoto. Ni mwema. Nilimwambia asubiri kwanza, nione kama bado nina watu. Sasa nimeona. Nitamjibu, na mtoto atachukua jina lake.

Mfurahie Nakuru.

Elmina


Kambi ya Tatu
7 Septemba 1997

Kwa Elmina,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Nitasema, ingawa aibu inanila. Uliandika kwamba unawavisha watu viatu. Mwanamke wa kwetu anajua ensoni, ile heshima ya wakwe: hata mkono siwezi kukupa. Sasa nikunyooshee mguu uushike, kambi nzima ikitazama? Na mguu wenyewe! Umekaa ndani ya gambuti tangu ujana wangu. Kucha zimegeuka pembe, na kisigino kina nyufa za kuficha mahindi. Sikukukimbia wewe, mama. Niliikimbia miguu yangu.

Na mlangoni kwako nani angekuja? Mke wangu hayupo, na baba hapigi hodi kwa mke wa mwanawe. Nilidhani unajua. Kumbe adabu ikizidi, kimya chake hufanana na chuki.

Nimewaambia wenzangu Nakuru basi. Wamenitukana, lakini wamekubali. Tunakuja Jumamosi tarehe 20. Tafuta mtu mwingine wa kunivisha, na kama umeshamjibu huyo bwana, bado niruhusu nimwone mtoto.

Bosire


Nairobi
28 Septemba 1997

Kwa Baba,

Natumaini mlirudi salama na bega la Mama Ondieki limepoa. Nani angedhani angewashinda nyote!

Ulipoingia nilikupa mgongo, kama inavyotakiwa. Nilivisukuma viatu vya saizi tisa ukingoni mwa kaunta na kumnong'oneza Nyakerario akuvishe, kwa sababu mjukuu na babu hawana ensoni. Nikamsikia akipiga kelele, "Babu, kucha zako ni za kuku!" Ukacheka. Baba, hicho kilikuwa kicheko cha Duke. Nilijificha nyuma ya kabati la viatu nikalia mpaka nikaishiwa machozi.

Jioni Mathew, aliyewaona ukumbini asubuhi, alikuja akaniuliza yule mzee wa soksi zilizotoboka alikuwa nani. Jibu langu alikuwa bado analisubiri. Nilimwambia, "Huyo ndiye utakayemwendea kuniposa. Na jina la mtoto halibadiliki." Amekubali. Anauliza njia ya Kambi ya Tatu, na kama unakunywa soda au chai.

Nilimwambia chai umeiona ya kutosha.

Binti yako,
Elmina