Mtandio Juu ya Jicho la Kushoto

Shikamoo, Mama.

Nnajua huniitikii. Lakini nikipita kwenye ngazi bila ya kukuamkia nahisi nyuma yangu pamesimama mtu, ndiyo nikaona bora nikuandikie.

Miezi minne sasa tangu uanguke. Kila nikishuka, nikifika kidato cha tatu kutoka chini, mguu hautaki. Juzi alasiri nilisikia umeniita kutoka juu, "Rahma!" Nikaitika "Naam" kwa sauti, hadi Bi Zuhura akachungulia dirishani kwake. Nyumba haikuwa na mtu.

Waliokuja matangani walisema ngazi za nyumba zetu hizi za Mji Mkongwe zimesimama mno, na wewe mtu mzima, na sukari juu yake. Kudra ya Mungu. Mimi nikainamisha kichwa. Sikuwaambia kuwa wiki mbili kabla yake nilirudi kazini ukanikazia macho, ukasema, "Leo umekuja na mwenzio?" Nikacheka. Ukasema, "Huyo hapo, anachungulia juu ya kichwa chako." Nikazidi kucheka, nikasema Mama vituko vyako haviishi.

Mimi, Mama! Mimi niliye kutwa nzima kwenye chumba cha macho, mjuaji wa mtaa mzima!

Kazi yangu unaijua, ulikuwa ukiniiga mbele ya Bi Zuhura mpaka mbavu zimuume. Namkalisha mtu, namwambia atazame taa ile asibandue macho, kisha nafunika jicho moja kwa kibao na kulitazama lile lililobaki. Likitulia, salama. Likisogea kwenda kuitafuta taa, basi macho hayaendi pamoja, na mwenyewe huenda anaona kila kitu mara mbili. Haifiki hata dakika moja. "Kazi gani hiyo ya kuwaziba watu macho?" ukiniuliza. Dakika moja hiyo sikukupa.

Baadaye ukaanza kuvuta ncha ya mtandio ukafunika jicho la kushoto. Unachagua mchele, umefunika. Unashuka ngazi, umefunika. Nikakutania, "Unamwonea haya nani?" Ukasema, "Jua, mwanangu." Jua lipi, Mama, ndani ya ukumbi wetu ule wa giza? Ulikuwa unajipima mwenyewe mbele yangu. Umeshagundua kuwa ukiliziba moja unaona sawa, na mimi nimekaa hapo hapo nnakutazama, nnakucheka.

Siku ile uliyoanguka ulishika sinia kwa mikono miwili. Hukubakiwa na mkono wa kushikia mtandio. Na chai ilikuwa yangu.

Nimeandika. Basi, nimeandika.

Niliandika na barua nyengine, ya kuacha kazi, nikaitia mkobani. Asubuhi niliyotaka kuipeleka akaingia Bi Mize, bibi wa Jambiani anayelima mwani. Amefunika jicho la kushoto kwa ncha ya mtandio. Wallahi nilishika meza. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, na mimi bado nnangoja acheke kicheko chako.

Nikaliziba jicho lake la kulia. La kushoto likashuka, kidogo mno, mtu asiyejua asingeliona. Likashuka likaipata taa. Jicho lile nilikuwa nnalijua. Lilikuwa lako.

Nikampeleka kwa daktari mwenyewe, sikumwachia mtu. Kumbe sukari imeuchosha mshipa wa fahamu wa jicho. Daktari akasema mara nyingi hutengemaa wenyewe kwa miezi michache. Miezi michache tu, Mama! Kwa sasa tukambandika plasta kwenye kioo kimoja cha miwani. Bi Mize akaivaa, akauachia mtandio, akainyanyua mikono yake miwili akaitazama. "Sasa uko mmoja," akaniambia. "Na mikono yangu nimerudishiwa, mwanangu. Ntafunga mwani."

Nilitoka nje nikalia mpaka watu wakadhani nimefiwa leo.

Ile barua nimeichana. Sikwambii kuwa nimepona. Jana tena nimeshuka nimefunika jicho moja kwa kiganja, na mguu ukagoma pale pale. Lakini nnakuahidi: hakuna mzee atakayekaa kwenye kiti changu, wala kwenye baraza yetu, wala jikoni kwa Bi Zuhura, nisimuulize ananiona wangapi. Na akinijibu kwa mzaha, sicheki. Naleta kibao.

Lala salama, Mama yangu. Mungu akupe nuru huko uliko. Na siku tutakayokutana, nnakuomba unione mmoja tu. Huyu huyu aliyekucheka.

Mwanao,
Rahma