Dume la Piyaya na Mwenzake

Mjukuu wangu Naserian,

Huku Qurus tu wazima, na bibi yako kavuna maharage. Umeniandikia kwamba chembe nzito mnayoiita kwaki, ikitoka kwenye mgongano, haiendi peke yake. Nguvu inayoivuta ikiachana na zenzake huzaa chembe nyepesi, nzito ikashikana na mojawapo, zikawa kitu kimoja, mesoni. Unauliza kwa nini nzito hubaki na karibu mwendo wote.

Nilipohama Piyaya kuja huku Karatu, baba mkubwa alinipa dume moja la ng'ombe, ndiyo haki yangu yote ya urithi. Akacheka: "Swaga, mwanaume! Likirudi zizini, ni langu." Alijua dume haliachi kundi likiwa peke yake. Mara mbili liligeuka njiani likataka kurudi. Nikampa mfugaji wa njiani shuka langu, naye akanipa ndama jike, nikawaswaga pamoja, likakubali. Halikupunguza hatua, kwani ndama hahitaji nguvu nyingi kwenda sawa nalo. Hatua zikiwa sawa, mwendo hugawanywa kwa uzito: katika sehemu kumi, tisa ni za dume, na kwaki yako ni hivyo hivyo.

Huku Karatu wote walisifu dume, na baba mkubwa hakuwahi kumuulizia ndama.

Dume lilikufa bila kuacha uzao. Jana nilihesabu ng'ombe zizini: thelathini na mmoja, wote wa ukoo wa yule ndama.

Babu yako