Mpaka Ulio Katikati ya Shamba Letu

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu, hata akiwa amekasirika. Nami nimekasirika kidogo, na wewe umo.

Jumamosi ukoo unakutana kihambani, kwenye shamba letu la urithi kule juu ya Moshono, kusherehekea siku baba mkwe wako alipofika mlimani. Tisheti zimeshachapwa, ng'ombe amechaguliwa, na shangazi wameshagombania nani atapika loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Baba Mkubwa Elisaria amenipa karatasi ya historia niisome mbele ya wageni, eti kwa sababu mimi ni mwalimu na nina sauti. Imeandikwa kwamba mzee alikuta msitu mtupu, akaufyeka peke yake. Nilipomuuliza nani alimwonyesha pa kuchota maji, akasema, "Wewe soma tu, mama." Hapo nikaanza kunusa. Mtu asiye na la kuficha hana haraka hivyo.

Unajua nilivyo. Shaka nimeirithi kwako, wewe uliyekuwa ukionja maziwa ya muuzaji mara mbili ukitafuta maji ndani yake.

Nikakumbuka wiki za Krismasi. Kila mwaka ulichuma jani la sale, mmea tunaopanda kuwekea mipaka, ukalifunga fundo, ukanibebesha kibuyu cha maziwa, tukaenda kwa jirani yetu Bibi Naomi. Ulimpa jani kwa mikono miwili, naye akalipokea. Nilikuwa mdogo lakini si mjinga: sale lenye fundo hupelekwa na aliyekosa, akiomba radhi. Nikakuuliza umemkosea nini. Ukasema unampelekea salamu tu, na nisimwambie babu. Salamu gani hiyo ya kufichwa? Sikukuamini hata siku ile.

Basi juzi nikapita shambani peke yangu. Nyuma ya mibuni kuna mstari wa masale ya zamani, mashina yake manene kama mguu wangu, umekatiza katikati ya shamba letu. Nani anajiwekea mpaka ndani ya shamba lake mwenyewe?

Nikaenda kwa Bibi Naomi. Macho yamefifia, kumbukumbu bado kali. Alinisimulia taratibu kwamba aliyefyeka ule msitu ni baba yake. Baba mkwe wako alipofika hana pa kulala, yeye ndiye aliyempa chakula na kipande cha ardhi. Kisha baba yake akaenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya walowezi, na aliporudi akakuta mpaka umetoka kwenye masale yale, umehamia karibu na mlango wake. Alikufa akiutazama. Nikauliza kwa nini basi alikuwa akiyapokea majani yako.

"Bibi yako nilimsamehe," akasema, "lakini yeye aliolewa tu pale. Wenye damu hawajawahi kuja."

Niliona aibu, Bibi, nikalia palepale. Asubuhi iliyofuata nikarudi na sale langu. Akalipapasa fundo, akatabasamu, akasema ni fundo la mkono wako, kisha akanirudishia jani.

"Lilete Jumamosi," akasema. "Mbele ya watu."

Sasa liko kwenye kikombe cha maji dirishani, hapa chumbani kwangu Kaloleni. Baba Mkubwa amepiga simu mara tatu kuuliza kama nafanya mazoezi ya kusoma. Naye ananishuku. Naogopa. Baada ya Jumamosi huenda wasiniite tena hata kwenye ubatizo, na shamba tulilokulia sote huenda likabaki nusu. Lakini karatasi ile sitaisoma.

Nimebaki na shaka moja, na hiyo ni juu yako. Ulikuwa na wajukuu tele, wenye nguvu kuliko mimi. Mbona kibuyu ulinibebesha mimi tu kila mwaka, na kulifunga lile fundo ukanifundisha mimi tu?

Pumzika, Bibi. Jumamosi nitakwenda na maziwa pia.

Mjukuu wako,
mbeba kibuyu